Wafu Walio Nje ya Lango

Andiko la msingi: 2 Wafalme 6:24 hadi 7:20



Wiki hii tuzungumze juu ya mazombi. Usifunge jarida bado. Wazazi kadhaa wa kanisa hili wameniuliza, na kila mmoja huuliza kwa sauti ya chini kama mtu aliyefiwa: "Pasta, kijana wangu anasoma vile vitabu vya katuni vya wafu wanaotembea. Je, ni roho chafu imemwingia?" Vijana nao huniuliza kwa njia yao baada ya ibada: "Pasta, tuseme dunia imeharibika hivyo kabisa, Mkristo anaruhusiwa kufanya nini ili aishi?"

Nikipima maswali haya mawili, naona la vijana ndilo zito. Swali la mzazi lina jibu fupi. Komiki kama The Walking Dead zimeandikiwa watu wazima. Zina damu, matusi na ukatili mwingi, na mtoto wa shule ya msingi hana haja nazo. Mzazi ana haki ya kuziondoa mezani. Lakini kijana wa miaka ishirini na mbili anayezisoma hajaingiliwa na pepo kwa sababu ya kusoma. Kuna kitu anatafuta. Sisi tunaomchunga tunafaa kujua ni kitu gani, kwa sababu kiko karibu sana na mambo tunayohubiri hapa kila Jumapili.

Zombi alitoka wapi

Zombi alizaliwa Haiti, nchi ambayo Wakenya wengi walianza kuifuatilia kwenye habari polisi wetu walipotua Port-au-Prince mwezi Juni 2024. Zamani za ukoloni wa Ufaransa iliitwa Saint-Domingue. Waafrika walipelekwa huko kwa minyororo kulima miwa, na wengi walikufa kabla ya kumaliza miaka mingi. Katika imani za watu wale na vizazi vyao, zombi hakuwa mla watu. Alikuwa mtu aliyekufa kisha mchawi akamwamsha ili afanye kazi shambani bila malipo na bila kupumzika. Ndugu zetu wa Tanzania wanamjua mtu wa namna hiyo, humwita msukule. Sasa angalia vizuri. Mtumwa alikuwa anaogopa kitu kibaya kuliko kifo, yaani kwamba hata kifo hakitamfungua. Zombi wa kwanza alikuwa mtu wa kuhurumiwa.

Mwaka 1968 Mmarekani George Romero akatengeneza filamu ya bei nafuu karibu na mji wa Pittsburgh, Night of the Living Dead. Humo wafu wanainuka na kula walio hai. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo sehemu inayofuata hunichekesha. Wasambazaji walibadilisha jina la filamu dakika za mwisho, na walipoweka jina jipya wakasahau kuweka tangazo la hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, filamu ikawa mali ya umma. Kila mtu angeweza kuinakili na kuionyesha. Bidhaa ikasambaa kwa sababu mwenyewe hakuweza kuizuia.

Oktoba 2003 mwandishi Robert Kirkman akaanza The Walking Dead katika kampuni ya Image Comics, komiki ya rangi nyeusi na nyeupe, Tony Moore akiichora mwanzoni na Charlie Adlard kuanzia toleo la 7. Kirkman mwenyewe amesimulia kwamba wachapishaji walisita, akawaambia kuna viumbe kutoka sayari nyingine watakaotokea baadaye. Hawakutokea. Hakuwa na mpango huo. Matoleo ya kwanza yaliuzwa nakala elfu chache tu. Toleo la 100, Julai 2012, liliuzwa zaidi ya nakala 350,000. Hadithi ikaendelea mpaka toleo la 193, Julai 2019, karibu miaka kumi na sita.

Hadithi yenyewe ni hii. Afisa wa polisi wa mji mdogo wa Kentucky, Rick Grimes, anapigwa risasi kazini. Anazinduka hospitalini akiwa peke yake, na dunia imekwisha. Wafu wanatembea. Anatafuta mke wake na mtoto wake Carl, anawapata, kisha anakuwa kiongozi wa kikundi kinachohama kutoka kambi hadi shamba, kutoka shamba hadi gerezani, kutafuta mahali pa kulala bila kuliwa. Ugonjwa ulitoka wapi? Kirkman hasemi. Anachotaka tuone ni yale watu wanayofanyiana kesho yake.

Kwa nini hadithi hii inavuta watu

Nimewasikiliza vijana wakiizungumzia, nami nimeisoma. Naona mambo matatu.

La kwanza, inafuta deni. Mwanzo wa hadithi hakuna tena mwenye nyumba anayedai kodi, hakuna mkopo wa simu, hakuna mahojiano ya kazi, hakuna mtu wa kukuuliza una uzoefu wa miaka mingapi. Kila mtu anaanza sifuri. Katika kikundi cha Rick kuna kijana anaitwa Glenn. Kabla ya maafa alikuwa anapeleka pizza kwa wateja. Baada ya maafa, huyo Glenn ndiye wanayemtegemea, kwa sababu anajua vichochoro vya Atlanta na anaweza kuingia mjini akatoka na chakula. Hebu fikiria kijana wetu ana digrii, ametarmac miaka minne, sasa anaendesha bodaboda. Anaposoma juu ya Glenn anaona dunia ambamo kujua njia ni cheo. Usimcheke. Njaa ya kuhitajiwa na watu ni njaa ya kweli, na ikiwa hapati mtu wa kumhitaji kanisani, atampata katika ukurasa.

La pili, inauliza swali ambalo maisha ya kawaida hutufichia: sheria ikiondoka, askari akiondoka, pastor akiondoka, nitakuwa nani? Mwingereza Thomas Hobbes aliliuliza mwaka 1651 katika kitabu chake Leviathan, nchi yake ikiwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba bila mamlaka ya kutuogofya sote, kila mtu ni adui wa kila mtu. Hapa kwetu tuna msemo unaokaribia huo, tunaurusha kila siku tukicheka: kila mtu apambane na hali yake. Hadithi za mazombi huuchukua msemo huo na kuuendesha mpaka mwisho wa barabara ili tuone unafika wapi. Katika The Walking Dead unafika kwa kikundi cha watu wanaowinda watu wenzao kwa chakula, nao walianza na watoto wao wenyewe. Anayeona hayo ni uchafu wa Hollywood tu asome 2 Wafalme 6, mstari wa 28 na 29. Tutafika hapo.

La tatu ndilo linalonisumbua. Hadithi hizi hutupa adui ambaye hatudaiwi chochote kwake. Unampiga kichwani na hulali ukiwaza. Ana uso wa mtu, nguo za mtu, pengine ni jirani yako wa juzi, lakini umeambiwa kwamba ndani hamna mtu. Katika maisha ya kawaida hakuna anayekupa starehe hiyo. Bosi anayekunyanyasa ana mama anayempenda. Mwizi wa simu ana dada. Zombi hana mtu. Kwa hivyo msomaji anapata kitu adimu sana, jeuri isiyo na dhamiri. Ni mapumziko ya moyo, nami naelewa kwa nini moyo uliochoka hukimbilia huko.

Kwa haki ya mwandishi niseme hivi: Kirkman mwenyewe haachi starehe hiyo ikae. Kuna mzee mkulima, Hershel, ambaye amefungia wafu ndani ya ghala lake, mwanawe akiwa mmoja wao. Anaamini ni wagonjwa, labda watapona. Anakataa kumwita mwanawe maiti. Ghala linafunguka, na Hershel anapoteza watoto wengine. Hadithi haisemi kwamba mzee alikuwa mpumbavu tu. Inakuacha na baba anayelia. Halafu, kule gerezani, katika toleo la 24, Rick anawageukia watu wake na kuwaambia kwamba wale wafu wanaotembea si walio nje ya ua, ni wao wenyewe. Jina la komiki lilikuwa linawahusu walio ndani tangu mwanzo.

Jina huja kwanza, panga hufuata

Hapa ndipo tunaacha kuongea juu ya Marekani.

Hakuna mtu Kenya aliyewahi kukutana na zombi, lakini tunajua jinsi ya kutengeneza mmoja. Humhitaji mchawi wa Haiti. Unahitaji neno tu. Kabla ya watu kuuawa Bonde la Ufa mwanzoni mwa 2008, walikuwa wameshaitwa madoadoa. Doa halina mama. Doa hufutwa. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuchungwa katika kampeni, na humo yalikuwemo madoadoa, mende na kwekwe. Tazama orodha hiyo kama mtu wa biashara anavyotazama lebo ya bidhaa. Mende huuawa kwa dawa. Kwekwe hung'olewa. Kila neno limekuja na maagizo ya matumizi.

Tuna mengine madogo zaidi, ambayo watu waliookoka wanayatumia bila kutubu. Teja. Chokoraa. Mtoto anavuta gundi kwenye chupa pale stendi ya matatu, anatembea kama hana mtu ndani, na sisi tunapandisha kioo cha gari. Nimesikia hata Mkristo akisema, "Hao ni mazombi tu." Ndugu yangu, ulipata wapi mamlaka ya kusema ndani hamna mtu?

Kwa hivyo swali langu juu ya komiki hizi si kama zina pepo. Swali ni hili: kusoma kurasa mia mbili za watu wenye nyuso ambao ni ruhusa kuwaua, kunanizoeza nini? Kwa msomaji mwangalifu, kunamzoeza kuogopa urahisi huo, kwa sababu hadithi yenyewe inamgeuzia kioo. Kwa msomaji mvivu, kunamzoeza kupandisha kioo cha gari haraka zaidi. Kitabu ni kile kile, ila wasomaji ni wawili. Mzazi, ukitaka kujua kijana wako ni msomaji gani, usimnyang'anye kitabu. Keti naye umuulize ni nani katika hadithi anamhurumia.

Mchungaji aliyefunga mlango

Katika hadithi hiyo kuna mhusika anayenikosesha usingizi mimi binafsi kwa sababu ya kazi yangu. Anaitwa Father Gabriel Stokes. Maafa yalipoanza alijifungia ndani ya kanisa lake akiwa na akiba ya chakula. Waumini wake wakaja. Wakabisha. Wakaomba, wakalia, wakamlaani. Hakufungua. Wakafia nje, naye akiwasikia. Kikundi cha Rick kinapomkuta, yuko hai, ameshiba, na ni mtu aliyekwisha.

Ni rahisi kumhukumu. Sasa tuwe wakweli, mtu wa biashara hupiga hesabu kwanza. Chakula cha mmoja hakitoshi watu hamsini. Ukifungua mlango kwa anayebisha, walio nyuma yake nao wataingia, na pengine mmoja ameshaumwa. Na Biblia ina milango iliyofungwa. Katika Mwanzo 7:16 mlango wa safina unafungwa na Bwana mwenyewe. Katika Mathayo 25 wanawali watano wenye busara wanakataa kugawa mafuta yao, na hawakemewi. Halafu kuna historia yetu. Tarehe 1 Januari 2008, pale Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani, wanawake na watoto wakiwemo, walichomewa humo ndani. Kanisa lile lilifungua mlango. Mtu asituambie kwamba kufungua mlango hakuna gharama.

Basi siwezi kuandika kwamba kila mlango lazima ufunguliwe kwa kila mtu saa zote. Mama aliye na watoto ndani, na nje kuna kundi lenye mapanga, akifunga mlango hatendi dhambi. Lakini Gabriel hakufungia kundi lenye mapanga. Alifungia kondoo wake waliokuwa wanakimbia hatari ile ile aliyokuwa anaikimbia yeye. Naona tofauti iko katika mambo matatu, nawe yapime.

Kwanza, unamfungia nani: anayekuja kuua, au anayekuja kwa sababu naye anauawa? Hofu huwachanganya hawa wawili makusudi, kwa sababu ikishawachanganya, kazi inakuwa rahisi.

Pili, umehesabu kweli au umekisia? Wanawali wale walijua kiasi cha mafuta kilichomo katika taa zao. Gabriel hakuhesabu chochote. Hakuuliza waliokuja ni wangapi, wana nini mikononi, nani anajua kulima, nani ni daktari. Aliona vinywa, hakuona mikono. Hilo ni kosa la kidini, lakini hata darasani kwetu ni kosa la mahesabu: kuandika watu wote upande wa gharama na kusahau kwamba ndio pia mtaji.

Tatu, baada ya kufunga, unawaitaje walio nje? Ikiwa ulilazimika kufunga, utalia kwa majina yao. Ukianza kuwatafutia jina la kuwapunguza, jua kwamba hukulazimika.

Na kwa Hobbes nina jibu kutoka barabara ya Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, magaidi walisimamisha basi lililotoka Nairobi na kuamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Hapo sheria ilikuwa imeondoka, askari hayuko, na kujitenga kungeokoa maisha. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafa hospitalini Januari 2016. Hakuwa wa imani yetu, na mimi kama mhubiri wa Pentekoste naandika jina lake kwa heshima. Hobbes alisema hofu ikishuka, kila mtu atapambana na hali yake. Ndani ya lile basi hofu ilishuka kabisa, na haikuwa hivyo.

Wakoma wanne

Sasa twende kwa andiko letu. Ben-hadadi mfalme wa Shamu amezingira Samaria. Mji umefungwa. Mwandishi wa Wafalme anatupa bei, na mimi nampenda kwa hilo: kichwa cha punda vipande themanini vya fedha, kipimo kidogo cha samadi ya njiwa vipande vitano. Ukiona soko linauza samadi kwa fedha, jua mji umekwisha. Kisha mwanamke anamlilia mfalme juu ya ukuta kuhusu mapatano yake na mwenzake. Mtoto wake ameliwa jana, na mwenzake amemficha wa kwake leo. Hii ndiyo hadithi ya kunusurika, yote, karibu miaka elfu tatu kabla ya komiki.

Na nje ya lango wameketi wakoma wanne.

Kumbuka mkoma alikuwa nani. Walawi 13 inamtoa nje ya kambi. Katika Hesabu 12, Miriamu anaposhikwa na ukoma, Haruni anamsihi Musa asiachwe awe kama mtu aliyekufa, mwili umeliwa nusu. Nadhani umeelewa. Kwa watu wa Samaria, wale wanne walikuwa wafu wanaotembea. Walikuwa na nyuso za watu, na mji ulikuwa umeshaamua kwamba hawahesabiki. Ndani kulikuwa na walio hai na nje kulikuwa na wafu. Hivyo ndivyo lango lilivyosema.

Lakini waliokuwa wanakula watoto walikuwa ndani.

Wale wanne wanafanya hesabu safi kuliko ya mfalme. Tukiingia mjini, kuna njaa, tutakufa. Tukikaa hapa, tutakufa. Tukienda kambini kwa adui, labda tutakufa, labda tutaishi. Wanainuka wakati wa giza. Wanakuta kambi tupu, kwa maana Bwana amewasikizisha Washami mshindo wa jeshi, wakakimbia wakaacha vyote. Wakoma wanakula, wanakunywa, wanachukua fedha na dhahabu na nguo, wanakwenda kuficha. Wanarudi, wanachukua tena, wanaficha tena. Hapo wako pale pale alipokuwa Gabriel, wameshiba, na nje kuna watu wanaokufa. Na wana sababu nzuri kuliko yake! Mji huo uliwatupa. Nani angewalaumu wangekaa kimya?

Mstari wa 9 ni mmoja wa mistari mizito ya Agano la Kale. Wanaambiana kwamba wanayofanya si mema, kwamba siku ile ni siku ya habari njema na wao wamenyamaza. Hakuna nabii aliyewaambia. Hakuna sheria iliyowabana, sheria ilikuwa imewaweka nje. Wanarudi wenyewe kwa lango lililowakataa, wanawaita mabawabu, wanatoa habari. Kesho yake unga unauzwa kwa bei ya kawaida.

Jibu la swali la kijana wetu, Mkristo anaruhusiwa kufanya nini ili aishi, naliona hapo. Kutafuta kuishi si dhambi. Wale wanne walitaka kuishi, walikwenda, walikula. Dhambi ilianza kukaribia walipokuwa wanaficha mara ya pili. Kuna wakati ambapo shibe yako inageuka ukimya, na lazima uwe macho kuuona. Na kuna somo la pili kwa mji: mlango ulioufunga ili uwe salama, umemfungia nje yule atakayekuletea mkate. Yule akida wa mfalme aliyedharau neno la Elisha aliwekwa kusimamia lango lile lile, akakanyagwa na watu hapo hapo langoni, akafa. Alikuwa anasimamia lango la kuzuia, na siku ya kufungua hakujua asimame wapi.

Waefeso 2:1 inatukumbusha kwamba sote tuliwahi kuhesabiwa wafu, tukiwa tunatembea. Baba wa Luka 15 anamwita mwanawe aliyekuwa amekufa, na sasa yu hai. Injili yote ni habari ya Mungu aliyekataa kusema juu yetu kwamba ndani hamna mtu.

Lango letu

Washirika wengi mnajua kwamba mwezi ujao kamati ya majengo italeta pendekezo la kuinua ukuta, kuweka waya na kuajiri bawabu wa pili. Sababu mnazijua pia. Viti vimepotea, spika ilipotea, na akina mama wawili waliibiwa simu wakati wa maombi. Vijana wanaolala nyuma ya ukuta wetu wanatajwa. Mimi siandiki kupinga ukuta. Sadaka za watu ni amana, na kuzilinda ni uaminifu.

Lakini naomba tupige hesabu yote kabla ya kupiga kura. Je, tunajua aliyeiba ni nani, au tumekisia? Wale vijana ni wangapi? Nimemuuliza mama wa jikoni, anajua majina ya saba. Sisi wachungaji na wazee wa kanisa, kwa pamoja, tunajua majina mangapi? Katika bajeti ile kuna mstari wa waya, kuna mstari wa bawabu, lakini hakuna mstari wa uji. Mimi nitapendekeza uwepo, na nitapendekeza ukuta mpya uwe na mlango mdogo upande wa jikoni, ufunguliwe kila Jumapili baada ya ibada ya pili, na wazee wawili wasimame hapo kwa zamu. Gharama yake nimeifanyia kazi, nitaileta mkutanoni kwa karatasi. Huenda tukaibiwa tena, na hatari hiyo nimeiandika humo humo.

Nawaomba pia wahudumu wa mlangoni kitu kimoja kuanzia Jumapili hii, kisichohitaji bajeti. Mtoto mwenye chupa ya gundi akifika langoni, muulize jina lake kwanza, kabla ya kuamua lolote.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni jina gani la kudharau watu unalolitumia bila kufikiri? Linakuruhusu kumfanyia nini huyo mtu?
2. Soma Mathayo 25:1-13 na 2 Wafalme 7:3-11 pamoja. Ni lini kutogawa ni busara, na ni lini ni kuficha mara ya pili?
3. Wazazi na vijana: katika hadithi mnayoisoma au kuitazama nyumbani wiki hii, nani yuko nje ya lango, na nani anamhurumia?

Tuombe

Baba, tulikuwa wafu nawe ukatuita kwa majina. Tupe macho ya kuona mtu mahali ambapo hofu yetu inasema hamna mtu. Linda nyumba zetu na watoto wetu. Na siku tutakayolazimika kufunga mlango, usiache mioyo yetu ifungwe pamoja nao. Katika jina la Yesu, Amina.